Kuzimwa na Kuzimika: Historia ya Lugha ya Usalama Mitamboni katika Eneo la Lugulu, Webuye na Kitale

UTANGULIZI

Wanasarufi wa Kiswahili wamezoea kuzifafanua kauli za vitenzi kwa mifano ya nyumbani na shambani. Kikombe kimevunjwa, kikombe kimevunjika. Kamba imekatwa, kamba imekatika. Mwanafunzi hufundishwa kwamba katika kauli ya kutendwa yuko mtenda, hata asipotajwa, na kwamba katika kauli ya kutendeka inayotajwa ni hali, naye mtenda hamo katika maneno. Akishajibu swali hilo katika mtihani, aghalabu huliacha hapo.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba katika kazi moja, yaani kazi ya kutafuta hitilafu katika mitambo ya viwanda, tofauti hiyo ya sarufi ni jambo la uhai na mauti. Fundi anayeikuta mota imesimama hana budi kujua kwanza kama imezimwa au imezimika. Ikiwa imezimwa, yuko mtu aliyeizima, na huenda mikono ya mtu huyo ingali ndani ya mashine. Ikiwa imezimika, iko sababu ambayo haijajulikana, na sababu hiyo yaweza kuondoka ghafla kama ilivyokuja, mota ikaanza kuzunguka tena bila kuamriwa na yeyote. Katika hali zote mbili mota imesimama kimya, na jicho haliwezi kuzitofautisha. Neno ndilo linaloweza.

Eneo litakalochunguzwa ni lile linalozunguka Lugulu, kituo kilicho kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, katika nchi ya Wabukusu na Watachoni. Eneo hili linafaa kwa uchunguzi wa namna hii kwa sababu katika muda wa karne moja, na katika mwendo wa kilomita chache, wakazi wake wameziona aina zote kuu za kuongoza mitambo: ile ya mkono, ya mvuke, ya hewa na umeme, na hatimaye ya kompyuta. Kila aina ilikuja na hatari yake, na kila hatari ilidai msamiati wake.

1. MASHINE INAYOONEKANA

Mwaka 1902 Wamarekani watatu wa madhehebu ya Marafiki, yaani Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi na kuanzisha misheni. Jina la Kiingereza la chama chao lilikuwa na neno la viwanda ndani yake, maana nia yao ilikuwa kufundisha dini pamoja na kazi za mikono. Baadaye Lugulu ikawa mojawapo ya vituo vya Marafiki, ikapata kanisa, shule na hospitali. Huko Kaimosi wamisionari walijenga kinu cha kupasulia mbao kilichoendeshwa kwa nguvu ya maji ya mto.

Kinu cha maji kina njia moja tu ya kuongozwa, nayo ni lango la maji. Lango likifunguliwa, gurudumu huzunguka, likifungwa, husimama. Anayeushughulikia msumeno hahitaji kuuliza habari, kwa kuwa anaiona njia nzima ya nguvu kutoka mtoni hadi kwenye meno ya msumeno. Katika kinu cha namna hii neno kufunga lina maana moja, tena iliyo wazi: kufunga ni kuizuia nguvu isipite.

Mvuke ulikuja na jambo jipya. Reli ya kwenda Kitale ilifunguliwa mwaka 1926, ikichepuka kutoka njia kuu iliyokuwa ikielekea Uganda. Garimoshi lililosimama stesheni si kama gurudumu lililosimama mtoni. Magurudumu yametulia, lakini boila imejaa mvuke wenye shinikizo. Mashine imesimama bila kuwa tupu. Hapa ndipo mafundi walipoanza kuhitaji kutofautisha kusimama na kuishiwa nguvu. Kiswahili kinatoa vitenzi viwili vinavyofaa, ingawa havijawahi kuwekwa katika vitabu vya ufundi kwa makusudi hayo: kulala na kufa. Kilicholala huamka. Kilichokufa hakiamki. Mtambo wenye mvuke ndani yake, au wenye springi iliyokazwa, au wenye uzito ulioning'inizwa, umelala tu, nao hauna budi kutendewa kama kitu kilicholala.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba mvuke ndio ulioleta uongozi wa mitambo usiohitaji mkono wa mtu. Tangu mwaka 1788 James Watt alikuwa amevitumia vitufe viwili vinavyozunguka kuipunguza au kuiongeza nguvu ya injini ya mvuke kwa kadiri ya mwendo wake. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell aliandika maelezo ya kihisabati ya vyombo vya aina hiyo. Mwaka 1948 Norbert Wiener alipoipa jina taaluma ya kuongoza na kupashana habari, alilitoa katika neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani. Mswahili wa pwani angemwita mtu huyo sukani. Wazo ni lile lile: yuko anayetazama mahali chombo kilipo, akalinganisha na mahali kinapotakiwa kuwa, kisha akarekebisha. Hitilafu katika mtambo wa kujiongoza yaweza kutokea katika mojawapo ya mambo hayo matatu, yaani kutazama, kulinganisha, au kurekebisha. Fundi anayekimbilia kulaumu mkono kabla ya kulichunguza jicho hupoteza siku nzima, na pengine hupoteza zaidi ya siku.

2. STIMA INAYOPOTEA NA KURUDI

Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa huko Jinja. Mwaka huo huo kampuni ya Kenya Power iliundwa ili kujenga njia ya umeme kutoka Tororo hadi Nairobi. Umeme wa mto Nile ukapita katika nyanda za magharibi mwa Kenya, ukaelekea mjini. Vijiji vingi vilivyokuwa karibu na njia hiyo vilikaa miaka mingi bila taa. Hata hivyo jina la kitu hicho liliwafikia watu kabla ya kitu chenyewe. Wakenya waliuita umeme stima, kwa neno lililoingia katika Kiswahili pamoja na meli za mvuke. Hivyo jina la nguvu ya zamani likahamia kwenye nguvu mpya.

Msemo wa kawaida nchini Kenya nguvu hiyo inapokosekana ni kwamba stima imepotea. Inapopatikana tena, husemwa kwamba stima imerudi. Huenda msomi wa lugha sanifu akauona msemo huo kuwa wa mtaani. Hata hivyo umebeba maarifa ambayo tafsiri nyingi za vitabuni hazina. Kilichopotea hakikuharibiwa, na hakuna aliyekizuia. Kiko mahali fulani, nacho chaweza kurudi saa yoyote bila kubisha hodi. Stima ikikatwa, yuko aliyeikata, na anaweza kuombwa asiirudishe. Stima ikipotea, hakuna wa kuombwa.

Ajali nyingi za viwandani zimezaliwa na tofauti hii. Mkanda wa kusafirishia nafaka husimama umeme unapopotea. Mfanyakazi huingiza mkono kuondoa mahindi yaliyokwama. Umeme hurudi, mkanda huanza tena, na mkono haujatoka. Kwa sababu hiyo wahandisi walibuni swichi ambayo, umeme ukishapotea, hujiachia yenyewe, na haishiki tena mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuwashia. Swichi hiyo huwageuza waliomo katika hali ya kupotea wawe katika hali ya kukatwa: mashine haitarudi mpaka mtu airudishe. Kitale na viunga vyake, penye maghala ya mahindi na penye kampuni ya mbegu iliyoanzishwa mwaka 1956, ni mahali ambapo somo hili lina maana kila msimu wa mavuno.

3. WEBUYE 1974

Mji wa Webuye, ambao zamani uliitwa Broderick Falls kwa jina la maporomoko ya mto Nzoia, uligeuka kuwa mji wa kiwanda katika miaka ya 1970. Kampuni ya Pan African Paper Mills ilianza kutengeneza karatasi huko mwaka 1974, kwa ushirikiano wa Serikali ya Kenya, kampuni ya Orient Paper Mills ya India, na shirika la fedha la Benki ya Dunia. Miti ya misindano na mikaratusi ya mashambani ilikatwakatwa, ikapikwa kwa dawa katika mapipa makubwa yenye joto na shinikizo, ikawa rojo, kisha karatasi. Mwaka 1978 kiwanda cha sukari cha Nzoia kilianza kazi Bukembe, upande wa Bungoma, kikiwa na vinu vya kusaga miwa, maboila yanayochoma makapi, na mitambo ya kuzalishia umeme.

Katika viwanda vya namna hii mtu hawezi tena kuiona njia ya nguvu kutoka mwanzo hadi mwisho. Anayeendesha mtambo hukaa chumbani mbele ya saa na taa, na habari za joto, shinikizo na kimo cha maji humfikia kwa njia ya ishara. Katika miaka hiyo ishara zilikuwa za aina mbili kuu. Ya kwanza ilikuwa hewa iliyoshindiliwa katika mabomba membamba, kuanzia ratili 3 hadi 15 kwa kila inchi ya mraba. Ya pili ilikuwa mkondo wa umeme, kuanzia miliampia 4 hadi 20.

Mwanaisimu ataona mara moja jambo la kustaajabisha katika tarakimu hizo: hakuna inayoanzia sifuri. Pipa likiwa tupu kabisa, ishara yake si sifuri bali ni 4. Sababu ni kwamba wahandisi walitaka kutofautisha habari ya kwamba hamna kitu na kutokuwapo kwa habari. Ishara ikiwa 4, chombo kinasema kwamba pipa ni tupu. Ishara ikiwa 0, chombo hakisemi lolote. Waya umekatika, au umekatwa, au chombo kimekufa. Ni kama tofauti kati ya mtu anayejibu hapana na mtu asiyejibu. Mpango huu umewaokoa wengi, maana boila ambayo maji yake yamekwisha na boila ambayo chombo chake cha kupimia kimeharibika ni hatari mbili tofauti, na kila moja ina dawa yake.

Mwaka huo huo wa 1974 Rais Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumiwe katika mijadala ya Bunge la Kenya. Wabunge wakajadili kwa Kiswahili miswada iliyoandikwa kwa Kiingereza. Hali ya viwandani ilifanana na hiyo. Sheria ya Viwanda, iliyopitishwa mwaka 1950 na kuanza kutumika mwaka 1951 kwa mfano wa sheria ya Uingereza, ilikuwa kwa Kiingereza. Michoro ya mitambo na vitabu vya maelekezo vilikuja katika lugha za waliovitengeneza. Lakini mji wa kiwanda huwakusanya Wabukusu, Watachoni, Waluo, Wateso, Wakalenjin na wageni kutoka ng'ambo, na lugha inayowaunganisha sakafuni, mbele ya mashine inayonguruma, ni Kiswahili. Maandishi ya usalama yakabaki katika lugha moja, na usalama wenyewe ukatendwa katika lugha nyingine.

Lugha hiyo nyingine haikuwa maskini. Kiingereza hutumia neno moja dogo kwa mashine iliyozimwa, iliyozimika, na isiyowashwa tangu asubuhi. Anayetaka kueleza zaidi hulazimika kuongeza maneno. Kiswahili humlazimisha msemaji kuchagua kauli, na lugha za Kibantu za eneo hili, Lubukusu ikiwamo, nazo zina viambishi vya kutendwa na vya kutendeka. Msemaji wa Lubukusu aliyeingia kiwandani hakuhitaji kufundishwa tofauti hiyo upya. Alikuwa nayo tangu utotoni.

4. NENO KUFUNGA NA HATARI YAKE

Haifai, hata hivyo, kusifu tu. Yapo maneno ya Kiswahili ambayo katika mitambo ya umeme ni mtego, na mfano ulio mkubwa kuliko yote ni neno kufunga.

Katika matumizi ya kila siku, mtu hufungulia maji yakatoka, na hufunga maji yakakoma. Hufungulia redio ikasema, na hufunga redio ikanyamaza. Kufunga, basi, ni kukomesha. Maana hii inapatana na lango la kinu na pia na vali ya bomba. Lakini katika elimu ya umeme, njia ya mkondo ikiwa imeunganika yote bila mwanya, husemwa kuwa imefungwa, na mkondo hupita. Ikiwa na mwanya, husemwa kuwa wazi, na mkondo hukoma. Anayefasiri vitabu vya umeme neno kwa neno atamwambia fundi aifunge swichi akitaka mota izunguke. Fundi yule yule, jioni, ataambiwa na mwenzake afunge mota, na maana itakuwa aisimamishe. Zaidi ya hayo, kufunga mashine ni kuikaza mahali pake inapokuwa mpya, na kufunga kwa kufuli ni kuhakikisha hakuna awezaye kuiwasha. Neno moja limebeba maana nne, na mbili kati yake zinapingana kabisa.

Katika chumba cha darasa, msikilizaji akikosea maana huuliza tena. Katika kiwanda chenye kelele, ambapo amri hupigiwa ukelele kutoka orofa moja hadi nyingine, hakuna nafasi ya kuuliza. Ndiyo maana mafundi wengi huepuka neno hilo, wakasema washa, zima, unganisha, tenganisha, na tia kufuli. Hawakufundishwa hivyo na kamusi. Walichagua kwa sababu neno lenye maana mbili ni kama ngazi yenye kipago kilichooza.

Kamati za istilahi zimefanya kazi kubwa. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa Tanzania mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Vigezo vya kawaida vya kuchagua istilahi ni ufupi, uasili, na kupatana na sarufi. Historia ya viwandani yaonyesha kwamba kwa istilahi za ufundi kinahitajika kigezo kingine, tena cha kwanza: je, neno hili likisikiwa vibaya, nani atakayeumia?

5. AMRI NA HALI

Matukio mawili ya nchi za mbali yatasaidia kueleza uzito wa jambo hili, kwa kuwa yalichunguzwa hadharani na habari zake zinajulikana.

La kwanza lilitokea tarehe 28 Machi 1979 katika kituo cha nguvu za nyuklia cha Three Mile Island, Marekani. Vali iliyokuwa imefunguka ili kupunguza shinikizo ilitakiwa kujifunga, lakini ilikwama ikiwa wazi. Katika chumba cha kuongozea, taa ilionyesha kwamba vali imefungwa. Kwa kweli taa hiyo haikuunganishwa na vali yenyewe. Ilionyesha tu kwamba amri ya umeme ya kufunga imekwisha kutolewa. Kwa zaidi ya saa mbili maji ya kupoza yalivuja huku waendeshaji wakiamini kwamba njia imezibwa, na sehemu ya kiini cha mtambo ikayeyuka. Taa ilisema kwamba vali imeamriwa ifunge. Watu walisoma kwamba vali imefunga.

La pili lilitokea tarehe 6 Julai 1988 katika jukwaa la mafuta la Piper Alpha, katika bahari ya Kaskazini. Pampu moja ilikuwa imezimwa ili itengenezwe, na vali yake ya usalama ilikuwa imeondolewa, mahali pake pakawekwa kifuniko tu. Usiku pampu ya pili ilizimika. Wafanyakazi wa zamu ya usiku walikuwa wameona hati ya matengenezo ya pampu ya kwanza, lakini hati iliyohusu vali iliyoondolewa hawakuiona. Wakaiwasha pampu ya kwanza. Gesi ikavuja, ukatokea mlipuko na moto, wakafa watu 167. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Cullen, uliotolewa mwaka 1990, uliukosoa vikali utaratibu wa hati za kazi na wa kukabidhiana zamu.

Katika tukio hili la pili kauli zote mbili zimo. Pampu moja ilikuwa imezimwa, nyingine ikazimika, na aliyetaka kuiponya ile iliyozimika akaiwasha ile iliyozimwa. Waliokufa hawakukosa ujuzi wa pampu. Kilichokosekana ni neno lililotoka kwa aliyeizima hadi kwa aliyetaka kuiwasha.

6. KOMPYUTA NA MTENDA ASIYEONEKANA

Mwaka 1968 kampuni ya magari ya General Motors ilitafuta chombo cha kuchukua nafasi ya makabati yaliyojaa rilei na nyaya. Mmoja wa waliojibu alikuwa Dick Morley, na chombo cha kampuni yake, Modicon 084, kilitokea mwaka 1969. Kilikuwa kompyuta ndogo ya kuongozea mitambo, na amri zake ziliandikwa kwa mchoro wenye umbo la ngazi, ambao mafundi wa rilei walikuwa wameuzoea tangu zamani. Hivyo lugha ya kompyuta hiyo ilijengwa juu ya lugha ya mafundi. Vyombo vya aina hiyo vimeenea katika viwanda vya dunia nzima, vile vya Afrika Mashariki vikiwamo.

Kwa mtafuta hitilafu, kompyuta imeongeza ugumu wa namna mpya. Mota yaweza kusimama kwa kuwa mtu ameizima, au kwa kuwa imezimika kutokana na joto, au kwa kuwa programu imeamua kwamba sharti fulani halijatimia, kama mlango wa kinga kuwa wazi au pipa la mbele kuwa limejaa. Katika hali hii ya tatu mota imezimwa, lakini mtenda si mtu. Sharti likitimia, mtenda huyo ataiwasha bila kutazama nyuma. Fundi anayeufunga mlango wa kinga huku mwenzake yumo ndani amekwisha kutoa amri bila kujua.

Pia kompyuta imeleta kishawishi. Fundi aliyechoka, anayesukumwa na msimamizi ili kazi iendelee, aweza kuiambia programu ichukulie kwamba mlango umefungwa hata kama uko wazi, au akaunganisha waya kukikwepa kifaa cha usalama. Mashine huanza, na hitilafu huonekana kana kwamba imeondoka. Kwa kweli kilichofanyika ni kuufundisha mtambo kusema uongo. Uongo huo hubaki ndani baada ya zamu kwisha, nao humngoja mtu mwingine.

7. UTARATIBU WA KAZI NA MANENO YAKE

Kutokana na historia hiyo utaratibu salama wa kutafuta hitilafu umejengeka hatua kwa hatua, na kila hatua ni tendo la lugha kadiri ilivyo tendo la mkono.

Kwanza, fundi humsikiliza mwendeshaji: mashine ilifanya nini, ilisikika vipi, na nani aliigusa mwisho. Hapo ndipo hujulikana kama imezimwa au imezimika. Pili, huwaarifu wote wanaohusika na hupata kibali cha kazi kwa maandishi. Tatu, huitenganisha mashine na kila chanzo cha nguvu, si cha umeme peke yake bali pia cha mvuke, hewa, maji na uzito. Nne, hutia kufuli na kibandiko chenye jina lake, na ufunguo hukaa naye. Kibandiko hicho ndicho kinachomrudisha mtenda katika sentensi: mashine imezimwa na fulani. Tano, huiondoa nguvu iliyolala ndani. Sita, huhakikisha kwa kipimo kwamba mashine imekufa kweli. Kwanza hukijaribu kipimo mahali penye umeme unaojulikana, kisha hupima mashine, kisha hukijaribu kipimo tena, maana kipimo kilichoharibika nacho husema sifuri.

Baada ya hapo ndipo uchunguzi wenyewe huanza. Njia ya haraka ni kuigawa njia ya ishara katikati, kupima hapo, na kuiacha nusu iliyo nzima. Zipo hitilafu zisizoonekana mpaka umeme uwepo. Hizo hupimwa na mwenye ujuzi, kwa vifaa vinavyofaa, akiwa na mwenzake karibu, na matengenezo yenyewe hufanywa baada ya umeme kutenganishwa tena. Mwisho, kufuli huondolewa na aliyeitia. Kanuni za Marekani za mwaka 1989 kuhusu kufuli na vibandiko zilisisitiza jambo hilo. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1951, inamtaka mwajiri awape wafanyakazi habari na mafunzo yanayohitajika kwa usalama wao.

Habari ambayo msomaji haielewi haijawa habari. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo hoja ya kuandika vibali, vibandiko na maelekezo ya viwandani kwa Kiswahili ina nguvu ya sheria pamoja na ya akili.

HITIMISHO

Pingamizi moja halina budi kujibiwa. Yawezekana kusemwa kwamba katika mazungumzo ya haraka Wakenya wengi husema mashine imezima, bila kuchagua kati ya kauli hizi mbili, na kwamba kwa hiyo tofauti inayotetewa hapa ni ya vitabuni. Ni kweli kwamba tofauti hiyo hupotea katika usemi wa haraka. Lakini haijafutika katika lugha. Mzungumzaji akiulizwa iwapo imezimwa au imezimika, huelewa swali na hujibu. Kinachotakiwa ni swali hilo liulizwe kila mara, na lifundishwe katika vyuo vya ufundi kama linavyofundishwa katika madarasa ya sarufi.

Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilisimama mwaka 2009, na mwaka 2016 kiliuzwa kwa wamiliki wengine. Wafanyakazi wengi waliokijua tangu miaka ya mwanzo walitawanyika, wengine wakarudi mashambani kwao katika vilima vya Lugulu, Misikhu na kwingineko. Wameondoka na msamiati ambao haumo katika kamusi yoyote: majina waliyoyapa mabomba, vali na milio ya mashine, na maneno waliyoyaepuka kwa kuwa yaliwahi kumponza mtu. Watafiti wa istilahi wamekuwa wakianza na orodha ya maneno ya Kiingereza na kuyatafutia visawe. Wazee hao wangeweza kuwapa orodha ya namna nyingine, iliyokwisha kupimwa kazini. Kazi ya kuikusanya ni ya idara za lugha, na haifai kucheleweshwa, kwa kuwa wenye orodha hiyo wanazidi kupungua.